Nyumba ya Magurudumu Yatafuta pa Kulala Makindye

Mgeni asimamaye penye mzunguko wa Kibuye, kusini mwa jiji la Kampala, akauliza njia ya kwenda kambini, hatakosa mtu wa kumwelekeza. Atanyoshewa kidole kilimani, naye akipanda huko atajikuta mbele ya lango la Polisi wa Kijeshi, pahali ambapo hapasimamwi wala hapapigwi picha. Katika Makindye neno kambi lina maana moja. Wazee wa mtaa hulitaja kwa sauti ya chini, maana kati ya 1971 na 1979 gereza la kijeshi lililokuwa juu ya kilima hicho liliogopwa nchi nzima. Kambi ya namna nyingine, ile ya mtu aliyekuja kwa hiari yake pamoja na jamaa zake, alale nje na kupunga upepo wa ziwa, haina anwani Makindye.

Hata hivyo wageni wa namna hiyo hawaachi kuja. Huja na magari makubwa yaliyojengwa kuwa nyumba. Mengine yameteremshwa melini Mombasa, yakapanda hadi Nairobi na kuvuka mpaka wa Malaba au Busia. Mengine yametoka Afrika Kusini, yakapita nchi tatu nne kabla ya kufika hapa. Yale ya wastani yana urefu wa mita 7. Makubwa, hasa yaliyojengwa juu ya chasisi ya lori, hufika mita 9 au 10, upana wa mita 2 na nusu, kimo cha mita 3 na nusu, na uzito wa tani 12 na kuendelea. Huko Marekani hutengenezwa hata ya mita 13. Kwa askari aliyepata kuendesha lori la jeshi, umbo hilo si geni. Tofauti ni kwamba lori hili limebeba jiko, vitanda, jokofu, choo, matangi ya maji, na mara nyingi watoto wawili watatu waliochoka kwa safari.

Swali la jioni kwa dereva wa gari kama hilo si chakula, maana chakula anacho, wala si kitanda. Swali ni ardhi: kipande cha ardhi kilicho sawa, kigumu, chenye lango pana, ambacho mwenyewe ameridhia. Kupata kipande hicho Makindye ni kazi ambayo msomaji asiyepata kugeuza lori katika uchochoro hawezi kuikisia.

Makindye ni moja ya tarafa 5 za jiji la Kampala, na sensa ya 2014 ilihesabu humo watu wapatao 393,000. Ni nchi ya vilima na mabonde. Kilima cha Makindye chenyewe, kisha Muyenga na Buziga, hutazamana juu ya bonde la Kansanga, na mabonde yote huteremkia ghuba ya Murchison ya Ziwa Viktoria. Katika tarafa hii hii ziko nyumba za polisi za Nsambya na chuo cha polisi cha Kibuli, kwa hiyo si wachache miongoni mwa wasomaji wa ukurasa huu waliopata kuishi humo. Hao wanajua jinsi vilima vilivyojaa. Sehemu kubwa ya ardhi ya upande huu ni ya milki ya mailo, iliyotokana na Mkataba wa Buganda wa 1900, ambao uligawa ardhi kwa watu binafsi. Na kila mrithi akigawa, na kila mnunuzi akigawa tena, viwanja vimekuwa vidogo na kuta zimekaribiana. Ardhi ya umma iliyobaki ni ya shule, ya hospitali, ya askari na ya masoko. Kiwanja cha umma cha kupigia kambi, chenye bomba la maji na choo, mahali ambapo msafiri hulipa ada yake ndogo na kulala bila kubisha hodi kwa mtu, hakipo katika tarafa nzima.

Basi tulitazame gari likiingia. Barabara 3 hulifikisha Makindye: ya Entebbe, ya Salaama na ya Ggaba. Zote 3 hubanwa asubuhi na jioni, na dereva wa gari la mita 9 aingiaye mzunguko wa Kibuye saa kumi na moja jioni atajutia siku aliyoinunua. Iko njia iliyo ndefu zaidi lakini ya amani. Atokaye Jinja na aiache barabara kuu huko Bweyogerere, ashike barabara ya mchepuko wa kaskazini, iliyofunguliwa 2009, hadi Busega. Hapo aingie barabara ya kasi ya Entebbe, iliyofunguliwa 2018 na kutozwa ushuru tangu Januari 2022, kisha afuate tawi lake liendalo Munyonyo. Ataitokea Makindye kwa mgongo, upande wa ziwa, bila kuona Kibuye wala Katwe. Ushuru huo ni mdogo ukilinganishwa na kioo cha pembeni kilichovunjwa na matatu.

Afikapo Munyonyo atadhani safari imekwisha, kwa maana huku nafasi inaonekana. Hoteli kubwa iliyo ufukweni ilipokea wakuu wa Jumuiya ya Madola mwaka 2007, na viwanja vyake ni vipana. Karibu yake ni mahali pa kuhiji ambapo Wakatoliki huwakumbuka mashahidi waliouawa hapo Mei 1886, wakati Kabaka Mwanga alipokuwa na ikulu yake Munyonyo. Papa Fransisko alipazuru Novemba 2015. Lakini hoteli ni hoteli, huuza vyumba, na uwanja wa kuhiji ni wa sala. Aombaye kulala hapo huomba fadhila, naye hana haki ya kununa akikataliwa.

Ggaba je? Ardhi ya Ggaba ni tambarare, nayo humvuta dereva aliyechoshwa na miinuko. Lakini ni mwalo wa samaki na soko, hapalali. Mitumbwi huingia usiku na malori ya samaki huja kabla ya jua. Tena ufukwe wenyewe si wa kuaminiwa. Mei 2020 Ziwa Viktoria lilipanda hadi mita 13.42 katika kipimo cha Jinja, likaipita alama ya 1964 iliyokuwa ikitajwa kwa miaka zaidi ya 50, na fukwe nyingi, pamoja na za upande huu, zikazama. Kanuni za nchi za mwaka 2000 zinaacha mita 200 kutoka ukingo wa ziwa hili kuwa eneo la hifadhi. Gari la tani 12 likiegeshwa juu ya udongo wa kinamasi jioni, mvua ikanyesha usiku, asubuhi litahitaji trekta.

Kilimani, udongo ni mwekundu na mgumu, ila shida ni nyingine. Barabara za ndani ya Makindye, Lukuli na Buziga nyingi zina upana wa magari mawili madogo yakipishana kwa adabu. Nyaya za umeme ziendazo majumbani huning'inia chini, na mwembe au mfenesi wa jirani umenyoosha tawi hadi katikati ya njia. Malango ya nyumba yamejengwa kwa kipimo cha gari la familia. Dereva husimamisha gari, mkewe hushuka na kutazama juu, bodaboda hupiga honi nyuma, na askari wa zamu huja kuuliza kuna nini. Askari huyo afanye upole. Mtu asimamishaye nyumba yake katikati ya njia hakufanya hivyo kwa kiburi.

Wengine, wakikata tamaa, huegesha kando ya barabara au katika kituo cha petroli na kulala hapo. Si shauri jema, na sababu moja haikumbukwi na wengi. Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya nchi za bara la Ulaya, ambako watu huendesha upande wa kulia, yana mlango wa nyumba upande wa kulia. Uganda huendesha kushoto. Gari kama hilo likiegeshwa kando ya Barabara ya Ggaba, mtoto afunguaye mlango hushukia katikati ya matatu na bodaboda.

Yafaa kukumbuka kwamba shida hii ya vipimo haikuanza Afrika. Huko Marekani, nchi yenye viwanja vya umma vya kambi kuliko nyingi, katika miaka ya 1920 magari yalikuwa yakiingia msituni popote yalipotaka, yakikanyaga mizizi hadi miti mikubwa ikaanza kufa. Mtaalamu wa magonjwa ya mimea, E. P. Meinecke, alitoa waraka mwaka 1932 uliobadili mambo. Alishauri barabara ya kambi iwe duara ya kwenda upande mmoja tu, na kando yake vikatwe vituo vidogo vya mshazari, kila gari na kituo chake, magogo na mawe yakizuia lisisogee zaidi. Viwanja vingi vya hifadhi za Marekani vilijengwa hivyo katika miaka ya 1930. Mpango ulikuwa mzuri hata leo wanaufuata. Kosa likawa kwamba vituo vilikatwa kwa kipimo cha motokaa za wakati ule. Magari-nyumba makubwa yalipokuja baadaye hayakuenea, na mpaka sasa viwanja vingi huko huandika langoni urefu wa juu unaokubaliwa. Nchi tajiri nayo imeshindwa na kamba ya kupimia.

Kwa Uganda, viwanja halisi vya umma viko mbali na Makindye. Mamlaka ya Wanyamapori ina maeneo ya kambi katika hifadhi zake: Rwonyo kando ya Ziwa Mburo, Mweya na Ishasha katika Hifadhi ya Malkia Elizabeth, Apoka huko Kidepo. Misitu ya serikali, kama Mpanga karibu na Mpigi na Mabira katika njia ya Jinja, nayo hupokea wapigao kambi. Huko nafasi haina shida. Ndani ya jiji wasafiri wa magari makubwa wamezoea uga wa Red Chilli, uliohama Bugolobi ukaenda Butabika, tarafa ya Nakawa, upande wa pili wa ghuba. Kama vile huko Nairobi uga wa Jungle Junction, Karen, ulivyojulikana kwa miaka mingi. Hizo ni biashara za watu binafsi, na watu binafsi wamefanya vizuri. Lakini tarafa yenye watu laki kadhaa, yenye ziwa na vilima na hospitali na balozi, haina hata robo eka ya umma ya kumlaza msafiri, na hilo lastahili kusemwa barazani siku madiwani wagawapo ardhi iliyobaki.

Kwa sasa, basi, kambi ya Makindye ni ua wa mtu. Na hapa ndipo jamaa za askari zinapoingia katika habari hii. Wako wastaafu wengi wenye viwanja upande wa Salaama, Lukuli na Buziga, waliojenga nyumba nyuma na kuacha mbele wazi kwa migomba na kuku. Ua kama huo waweza kumlaza mgeni mmoja kwa usiku mmoja au wiki moja, na fedha yake ikasaidia karo. Ila kabla ya kusema karibu, sharti kupima, na kupima hakuhitaji fundi. Kamba na watoto wawili watosha.

Lango lipimwe kwanza. Gari la upana wa mita 2 na nusu, pamoja na vioo vyake, hutaka nafasi ya mita 3 na nusu iliyo wazi kabisa, isiyo na jiwe wala bawaba iliyotokeza. Lakini lango pana halitoshi kama njia ya mbele yake ni nyembamba: gari refu hupinda kwa upinde mkubwa, na likitoka katika njia ya mita 5 haliwezi kukata kona kuingia langoni bila kupanda ukuta wa jirani. Ndiyo maana lango lililorudishwa ndani mita chache kutoka barabarani lina thamani kuliko lango la nakshi. Kisha mtu atazame juu. Nyaya na matawi yaliyo chini ya mita 4 yahesabiwe kuwa ni ukuta. Tawi hukatwa, waya haukatwi wala hauinuliwi kwa mti wa ufagio, bali huitiwa watu wa umeme.

Ndani ya ua, jambo moja lishikwe kuliko yote: tangi la choo liko wapi? Nyumba nyingi zina tangi lililochimbwa mbele, na mfuniko wake umefunikwa na nyasi hata mwenyewe amesahau. Gari la tani 12 likipita juu yake, litaingia. Mwenye nyumba apigilie vigingi 4 kuzunguka tangi, afunge kitambaa chekundu, ndipo afungue lango.

Mwinuko nao una hesabu yake. Majokofu mengi ya magari haya huendeshwa kwa gesi na hayafanyi kazi sawasawa yakiinama. Na mtu hawezi kulala kichwa kikiwa chini ya miguu. Mteremko mdogo husawazishwa kwa vipande vya mbao ngumu chini ya magurudumu. Mteremko mkubwa hausawazishwi, na ua wa namna hiyo ubakie kuwa wa migomba. Kutoka ni muhimu kuliko kuingia: ikiwezekana gari lizungushwe siku ile ile lifikapo, mbele ikabili lango, ili likihitaji kuondoka usiku kwa sababu ya mgonjwa lisianze kurudi nyuma gizani. Hilo kila dereva wa kikosi alifundishwa.

Umeme wa Uganda ni volti 240, na soketi zake ni za matundu 3 ya mraba. Gari la Ulaya litahitaji kiunganishi tu. Gari la Marekani, litumialo volti 120, litahitaji transfoma yake lenyewe, na mwenyeji asikubali kuambiwa kwamba waya wowote utafaa. Maji safi ni rahisi: mpira wa bustani na bomba, na makubaliano ya madumu mangapi.

Maji machafu ndiyo mwiba. Kila gari la namna hii lina tangi la maji ya jikoni na ya kuogea, na kasha la choo lenye dawa. Tangi likijaa, mgeni asiye mwangalifu hutafuta mfereji, na Makindye mifereji haikosekani. Yote yateremka bondeni. Lakini bonde la Kansanga hupeleka maji yake ghuba ya Murchison, ghuba ile ile ambayo mfereji wa Nakivubo humwagia taka za jiji. Na katika ghuba hiyo hiyo, pale Ggaba, Shirika la Taifa la Maji na Majitaka huchota maji ya kusafisha na kuyarudisha mabombani mwa Kampala. Kinachomwagwa mferejini usiku huko Lukuli huanza safari ya kurudi jikoni. Gharama ya kusafisha maji ya ghuba hiyo imekuwa ikipanda kadiri yanavyochafuka, nayo hulipwa na kila mwenye mita.

Kwa hiyo maji ya vyombo yamwagwe katika shimo la majitaka la nyumba. Kasha la choo limwagwe katika choo cha shimo au tangi la choo, lakini mwenyeji aulize kwanza ni dawa gani iliyomo. Zile zenye fomalini huua vijidudu ambavyo ndivyo vifanyavyo kazi ndani ya tangi, na tangi lililouawa vijidudu hujaa na kunuka mapema. Ikiwa dawa ni ya namna hiyo, ni afadhali kuita gari la kunyonya majitaka na mgeni alipe; tangu 2014 magari hayo yana mahali halali pa kumwaga, katika mtambo wa Lubigi. Mgeni aonaye hayo ni usumbufu apewe njia ya Mpanga, akalale msituni.

Jambo la majirani lisidharauliwe. Mwenyekiti wa LC 1 aarifiwe kabla ya gari kufika, si baada, na nakala ya pasipoti ya mgeni iwekwe pamoja na hati ya muda ya gari na kadi ya njano ya COMESA, ambayo ndiyo bima itambuliwayo hapa. Watu wa Makindye wamejifunza kwa tabu kuogopa gari kubwa lisilojulikana liingialo uani usiku. Likiingia mchana, watoto wakaliona na mama wa jirani akasalimiwa, hofu hiyo haipati pa kushika.

Siku ya kuondoka, gari litoke kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, au lingoje hadi saa nne, msongamano wa Barabara ya Salaama ukiwa umelegea. Mmoja wa nyumba asimame njiani na kuwazuia bodaboda, mwingine atazame waya wa juu, wa tatu atazame kona ya ukuta. Likisha kutoka, vigingi ving'olewe, na alama za magurudumu zijazwe changarawe siku hiyo hiyo. Machi na Septemba huja na mvua zake, na mtaro ulioachwa na gurudumu moja huchukua udongo wa ua mzima hadi barabarani.